Askari Wako Ndani Yangu

Wodini, 4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nyonga walipokutoboa imepona? Uboho wa mifupa ulionipa umeshika. Daktari anasema damu inayotengenezwa mwilini mwangu sasa ni yako. Ila askari wako, zile chembe nyeupe za kinga, wameiona ngozi yangu ngeni wakaanza kuishambulia. Nimebabuka viganja mpaka usoni, na tumbo halikai. Wakorofi kama mwenyewe! Njoo uwaone.

Dada yako


Karakana, 15 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima, ila sikucheka. Wewe ndiye uliyenilea, na nilichokupa kinakuchuna ngozi. Siku ya kutobolewa nilikuwa nimekununia kwa ajili ya kitanda cha marehemu mama tulichokigombea. Hasira imeingia ubohoni, najua. Sikufai. Usiniandikie tena.

Mdogo wako


Wodini, 2 Mei

Marahaba, mdogo wangu,

U mzima? Hii barua ya nne tangu uniandikie, hujajibu hata moja. Fundi mwenzako kaniambia bado unachomelea mageti, basi nikashukuru. Hasira haiingii kwenye mfupa, bwana. Nilikuwa nakutania.

Dawa zimeshindwa kuwatuliza askari. Juzi wamenitundikia mfuko wa seli shina, chembe changa za mtu nisiyemjua, zilizokuzwa maabara. Nikashika mrija niuchomoe. Nikauliza, "Zinakuja kuwaua askari wa mdogo wangu?" Daktari akacheka. Haziui, kasema. Zinatoa kemikali za kuwapoza, wasizaliane ovyo, na wale wenye kazi ya kutuliza wenzao waongezeke. Baada ya siku chache zenyewe hutoweka. Kaniambia wazi kwamba si kila mgonjwa zinamsaidia. Naogopa, sikufichi.

Dada yako


Wodini, 10 Juni

Mdogo wangu,

Habari za kazi? Mimi nakula uji na unakaa. Viganjani ngozi mpya imeota, laini, naishikashika kama mjinga. Wamepima: askari wako wote wamo, wametulia. Nililia kwa furaha.

Kitanda chukua. Damu yako ninayo. Ninayemkosa ni wewe.

Dada yako


Mlangoni mwa wodi, 19 Juni

Shikamoo dada,

Waendeleaje? Karatasi hii nampa muuguzi akuletee. Nimenawa mikono mara mbili, barakoa nimevaa. Ananiuliza mimi ni nani wako. Mwambie wewe.

Mdogo wako