Nyuma ya Marais

Baba,

Leo nina ugomvi na wewe. Hivi kweli, Baba, maisha yangu yote?

Fremu yako ya picha, ile ya dukani hapa Majengo. Kila rais mpya akiingia ulikuwa unaifungua, unampachika mbele ya aliyemtangulia, unaifunga tena. "Picha ya kiongozi haitupwi," ulikuwa unasema. Na kila asubuhi, kabla hujagusa hata mizani, unaitazama: "Umeamkaje?" Wateja walicheka mpaka basi, eti Mzee anaipenda serikali kuliko inavyojipenda yenyewe. Na mimi nilicheka.

Ulipotuacha, watu wa makumbusho walipita wakikusanya vitu vya siasa: kadi za zamani, beji, kanga za kampeni. Nikawapa fremu. Nikasaini kabisa, nikijisifu kwamba nimekupa heshima.

Jumatatu dada anayetunza vitu pale akanipigia simu, njoo. Alikuwa amewatoa marais awasafishe, amewapanga mezani. Nyuma yao wote kulikuwa na picha ya studio. Kijana mwenye afro na suruali ya bugaluu, wewe huyo. Pembeni yako mwanamke amembeba mtoto. Yule dada akaitazama picha, akanitazama mimi, akavuta kiti. "Kaa kwanza," akaniambia.

Baba, ana mwanya wangu! Ana hili paji la uso nililolichukia tangu shule. Mama alikufa sijaanza hata kutambaa, na nilipokuuliza alikuwaje, ulisema picha zake zililiwa na mchwa kule kijijini Mwese. Nikaacha kuuliza. Kumbe nimeuza chumvi na sabuni chini yake miaka yote. Nililia kwa sauti, jamani, sikuona hata aibu.

Nilikuwa nimeshasaini, vitu ni vyao. Niliomba, nusura nipige magoti. Dada akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi: marais wabaki, mama nimchukue.

Nikampelekea Mama Mdogo ile picha, maana ndiye aliyenilea tangu ulipomwoa. Aliipokea kwa mikono miwili. "Baba yako aliniapia ameichoma," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango. Hapo ndipo nikajua mama ulikuwa unamficha asionwe na nani. Niliwakasirikia nyie wote wawili, halafu nikaogopa: nimempata mama mmoja, sasa huyu mwingine nampoteza. Hata hivyo niliitia fremu mpya, nikaitundika palepale dukani ilipokuwa yako.

Leo nimechelewa kufika dukani. Nimemkuta Mama Mdogo ameshafungua, yuko peke yake, anaifuta vumbi kwa ncha ya kanga na kuinyoosha, maana ilikaa upande. Hakuniona.

"Haya na wewe," akamwambia, "umeamkaje?"

Pumzika, Baba. Ugomvi wetu tutaumaliza siku nikija huko. Rais nimemnunulia picha mpya, nimempigia msumari wake mwenyewe, ukuta wa pili. Nakuahidi, mbele ya mama hakai mtu tena.

Binti yako.