Sauti ya Mama na Betri za Juu ya Bati

Jumatatu, 5 Julai 1999

Nimechapa barua za watu za maombi ya kazi kutwa nzima. Vidole vimekufa ganzi. Manyunyu tena, Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Saa kumi Mzee Sefu akafunga duka, akaniachia funguo kama kawaida yake. "Ukimaliza makelele yako, zima stabilaiza." Mungu amtunze mzee yule. Kompyuta ni yake, umeme ni wake, na muziki wangu haupendi hata kidogo.

Programu ilikuja ndani ya kompyuta yenyewe, mtumba wa Dubai. Mwenye nayo wa kwanza aliisahau humo. Inatoa sauti kama za michezo ya televisheni: pii, puu, pii. Unaandika nota katika mistari inayoshuka, na pembeni ya nota unaweka herufi na tarakimu mbili. Herufi inaiambia sauti iteleze au itetemeke. Kwa mtetemo, tarakimu ya kwanza ni kasi, ya pili ni ukubwa.

Nimeandika mstari wa kwanza wa wimbo wa Mama. Umetoka umenyooka kama rula.

Alhamisi, 8 Julai

Niandike sababu, nisije nikajiona mwehu.

Mama alipasuliwa rovu la shingoni mwezi wa kwanza. Daktari alituambia mapema kwamba sauti inaweza kuguswa. Rovu limetoka, Mama mzima, analima, anakamua. Nashukuru kila siku. Sauti ndiyo haikurudi. Amebaki na mnong'ono.

Wimbo wa mavuno aliutunga yeye. Kila mwaka kwaya yetu huko juu mlimani inauimba, yeye akiongoza. Mwaka huu ataongoza Neema. Neema ana sauti nzuri, sina ugomvi naye. Ila anaimba vile Mwalimu Elirehema alivyoandika sol-fa ubaoni. Do ni do, so ni so, kama ngazi. Mama hakuwahi kuimba hivyo. Alikuwa anateleza kutoka do, anapanda polepole, akifika so anaituliza kwanza, ndipo anaitetemesha. Hapo ndipo wazee walikuwa wanatoa vitambaa vya kufutia machozi. Ubaoni hayo hayaandikiki, na Mama hana tena sauti ya kumwonyesha mtu.

Jumapili iliyopita walipoufanyia mazoezi, Mama alitoka kanisani katikati ya wimbo. Amesema sikukuu ya mavuno haendi. Wimbo wake haujui tena, wauimbe wenyewe.

Sikukuu ni tarehe moja Agosti. Mashine hii itamwonyesha Neema. Ninayo kaseti. Mama alijirekodi jikoni mwaka jana, kabla ya hospitali.

Jumanne, 13 Julai

Kuteleza nimeweza. Mtetemo umenitoa jasho. Ulikuwa unaanza vizuri halafu unakatika katikati ya nota, sauti inanyooka ghafla kama mtu aliyekanyagwa mguu. Kumbe alama inatakiwa irudiwe kila mstari. Mashine haikumbuki kitu usipoikumbusha. Nami pia hivyo hivyo, basi tumepatana.

Kitu kimoja kimenitia hofu. Kwenye kaseti sauti ya Mama ni nyembamba kuliko ninavyoikumbuka, na mtetemo ni wa haraka. Nimerudia, nikarudia. Kaseti haiwezi kusema uongo. Basi ni mimi. Miezi sita tu na nimeanza kusahau sauti ya mama yangu.

Nimefuata kaseti.

Jumamosi, 17 Julai

Nimepanda kwa Mama. Nilirekodi kazi ya mashine kwenye kaseti mpya, nikanunua na betri mpya za redio yake. Akanipa loshoro kwanza, mahindi na maziwa mgando. Kisha nikabonyeza.

Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye khanga. Nikasubiri acheke au alie. Akanong'ona, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni wewe, Mama. Akatikisa kichwa. "Huyu mbuzi." Akachukua ndoo akaenda bandani.

Sikumfuata. Nimelia nyuma ya migomba kama mtoto. Halafu nikakasirika. Jioni baada ya jioni nimekaa mbele ya ile mashine, naambiwa mbuzi! Sikuaga vizuri. Namjua Mama, hakusema kwa ubaya. Lakini imeniuma na bado inauma.

Jumanne, 20 Julai

Nilikuwa nimeamua kuacha. Nikaiweka kaseti ya jikoni kwenye redio ya duka niisikilize mara ya mwisho, mchana, dukani hakuna mteja. Mzee Sefu alikuwa anahesabu karatasi. Wimbo unapokwisha jogoo wetu anawika. Nimemsikia mara mia, sikuwahi kumsikiliza.

Mzee Sefu akainua miwani. "We Anande, huko kwenu mlimani jogoo wanalia kama vifaranga?"

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Mama hatupi betri. Zikichoka anazipanga juu ya bati zipigwe jua, kesho anazirudisha kwenye redio. Sote tumekua hivyo. Alijirekodi kwa betri za bati. Redio ilikuwa inavuta utepe kwa kusuasua, na mimi nimeupiga kwa umeme wa hapa mjini Kaloleni, ulioshiba. Lazima kila kitu kikimbie na kipande juu. Jogoo awe kifaranga. Mama awe mbuzi.

Sikusahau! Ninaikumbuka sawasawa. Nimemwamkia Mzee Sefu shikamoo mara ya pili kwa siku moja, akaniuliza kama nina homa.

Jumamosi, 24 Julai

Nilimtumia Mama salamu kupitia kwa jirani: aje mjini, safari hii si mbuzi. Sikutegemea. Amekuja, na mkungu wa ndizi wa kumpa Bi Rukia, mke wa Mzee Sefu. Mama haendi kwa mtu mikono mitupu hata akienda kugombana.

Nimeshusha nota. Kasi ya mtetemo nimekisia. Nikaacha mlango wa uani wazi, kwa sababu Mama hakutaka kukaa mbele ya kompyuta. Alikuwa huko na Bi Rukia, anamsaidia kuchekecha unga wa maandazi. Nikapiga wimbo. Nikapunguza kasi, nikapiga tena. Nikatoka kuwaangalia.

Mama hakuniangalia. Mkono wake ulikuwa unachekecha, lakini si kwa kufuata unga. Alisubiri sauti ipande na kutua, ametulia kabisa, chekecheo hewani. Ndipo mkono ukaanza. Mashine ilikuwa inamtangulia kutetemeka, na yeye anairudisha nyuma kwa mkono, kama anavyomrudisha ndama.

Nikakimbia ndani. Nikapunguza tena. Nikachungulia. Bado. Nikapunguza kasi, nikaongeza ukubwa kidogo. Nikachungulia. Mkono na mashine vikaenda pamoja.

Bi Rukia akasema, "Mama Anande, unga wote umeishia chini." Mama akacheka. Kicheko chake sasa hakina sauti, ni mabega tu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama yale mabega.

Akaniambia nota ya so ikae zaidi kabla ya kutetemeka. "Usiwahi. Watu wafike kwanza." Nimeongeza mistari mitupu. Amekubali.

Habari ya kwenda mavuno nilipouliza, akafunga khanga na kuondoka.

Alhamisi, 29 Julai

Mazoezi ya kwaya. Nimepeleka kaseti ya mashine na betri mpya, za kweli. Waliposikia pii puu wakacheka mpaka Mwalimu Elirehema akagonga meza. Neema hakucheka. Aliomba irudiwe. Akafumba macho, akaimba sambamba nayo, akateleza vibaya, akaomba tena.

Kufikia giza alikuwa ameshika kupanda na kutua. Mtetemo anauwahi. Nikamwambia watu wafike kwanza. Anajitahidi, ila akiachwa bila mashine anasahau. Kanisani hatuwezi kuweka mashine.

Nimepita kwa Mama kumweleza. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua. Najua huu ni wimbo wake na moyo ni wake, simlazimishi. Lakini naumia.

Jumapili, 1 Agosti

Kanisa limejaa. Ndizi, mahindi, kuku wamefungwa miguu wanapiga kelele chini ya madhabahu wakisubiri mnada. Niliangalia mlangoni mpaka shingo ikauma. Mama hayupo. Ibada ikaanza. Hayupo.

Kwaya tulipokuwa tunasimama akaingia. Amevaa sare ya kwaya. Akapita katikati ya kanisa zima, akaja mstari wa mbele, akakaa kwenye kiti chake, mbele ya Neema. Neema akabaki ameduwaa. Mama akamfanyia ishara ya kichwa: anza.

Neema akapanda. Akateleza vizuri. Akafika so, na nikamwona anataka kuwahi. Mkono wa Mama ulikuwa juu ya paja, umefunguka, umetulia. Neema akauangalia, akasubiri. Kisha ule mkono ukaanza kuchekecha, pale pale pajani, na sauti ya Neema ikaanza nao.

Vitambaa vikatoka. Changu kilikuwa kimelowa tayari.

Mungu wangu, asante. Asante kwa Neema, kwa Mzee Sefu na Bi Rukia, kwa huyo aliyeisahau programu yake ndani ya kompyuta. Asante kwa jogoo.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimelala kwa Mama. Mzee Sefu kanipa ruhusa mpaka mchana. Ukungu umeondoka, Mlima wote uko wazi.

Asubuhi tumekunywa chai. Mama akaniomba kaseti ya jikoni, ile yenyewe. Nikainuka nichukue betri mpya, akanizuia. Akatoka, akasimama juu ya kigoda, akarudi na zile za juu ya bati, baridi bado, zina umande. Akazifuta kwa khanga, akaziweka mwenyewe.

Redio ikavuta utepe kwa kusuasua. Sauti ikatoka nzito, pana, haina haraka. Tukasikiliza hivyo, magoti yetu yamegusana. Mwishoni jogoo akawika, na jogoo wa nje akamjibu.

Mama akainua kikombe chake. "Ndiye," akanong'ona.