Huyo Tu Ni Nani?

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiacha hayo macho. Mimi sijambo, kazi ni nyingi lakini nakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Msalimie jirani anayekusomea, na umwambie asiruke mistari.

Nakuandikia kukushukuru. Mwezi uliopita kompyuta kuu ya hospitali yetu ilijaa pomoni, ikagoma. Mafaili hayakufunguka, na wagonjwa walipanga foleni hadi barabarani. Mkurugenzi akaja juu, akataka fundi wa mitambo afukuzwe siku hiyohiyo. Ni baba wa watu, mpole, tena ndiye aliyenifundisha kazi.

Kikaoni kila mmoja alidai aliamini mwenzake ndiye anayefuatilia kasi ya mashine na nafasi iliyobaki. Mkuu wetu wa kitengo akasema zamani tulishakubaliana kwamba tutaangalia. Hapo nikakusikia wewe. Unalikumbuka pipa la maji? Tukikuambia tutalijaza, ulituuliza huyo Tu ni nani, maana wewe hukumzaa. Sisi tulinuna, wewe ukacheka, na pipa likapata mwenyewe wa kulijaza.

Basi nikajikaza, nikamwuliza mkuu huyo Tu ni nani. Watu wakaangua kicheko. Mkuu, Mungu ambariki, akakiri kwamba hakuwahi kumkabidhi mtu yeyote kazi ile, kwa hiyo kosa si la fundi. Mkurugenzi akapoa. Fundi amebaki, na sasa ndiye anayetoa taarifa ya mashine kila wiki. Mimi nimekabidhiwa hesabu za mbele: wagonjwa wakiongezeka, itahitajika nafasi kiasi gani, na inunuliwe lini. Fundi alinishika mkono, akanishukuru. Nikamwambia ampe shukrani mama yangu.

Lakini njiani kurudi nyumbani furaha ikaingia nyongo. Nilikumbuka macho yako. Sisi wanao watatu tumekuandikia mara ngapi kwamba tutakupeleka ukapasuliwe? Kaka alimtegemea dada, dada akanitegemea mimi, nami nikamtegemea kaka. Nawe safari hii hukuuliza. Sijui ulichoka, mama, au ulituonea haya.

Nitakupeleka mimi. Daktari wa macho wa hapa ameshakupangia siku, ruhusa nimepewa, na Jumamosi naja kukuchukua. Fungasha nguo chache.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Barua nyingine nataka uisome mwenyewe.

Mwanao wa kati,
Mimi