Kigoda Kilichotundikwa Ukutani

Mjukuu wangu Muthoni,

Hapa Ishiara ndengu tumeshavuna, na goti la nyanya yako limepata nafuu. Umeniuliza utamchaguaje mtu wa kukupambia nyumba yako mpya.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilijenga nyumba ya mawe, nikamwita mpambaji kutoka mjini Embu. Alikuwa stadi. Kila alilosema kuhusu rangi na mapazia niliitikia, kwa kuogopa kuonekana mshamba. Alikiona kigoda ambacho mama yangu alikalia kila alipotutembelea, akakisifu, akakipigilia ukutani kiwe pambo.

Mama alikuja kutoka Kiritiri na kuku kwapani. Akatafuta pa kuketi, kisha akainua macho.

“Njeru, mimi bado sijafa. Nani amenitundika?”

“Ndio mtindo, Mama. Keti kwenye kochi.”

“Hilo ni la wageni.”

Alikunywa chai akiwa amesimama, akaenda zake. Hakuingia tena nyumba ile hadi alipofariki.

Mpambaji wako akija, ngoja uone kama atauliza nani huketi wapi. Wangu hakuuliza. Nami niliyejua, ndimi niliyemshikia misumari.

Babu yako,
Njeru