Makofi Mlangoni kwa Mzee Lusambo

Mama,

Uliongoza nyimbo za jumuiya yetu ya kanisani miaka mingi, lakini sauti yako iliyobaki masikioni mwangu si ya kuimba. Ni ya viganja vyako mlangoni kwa Mzee Lusambo: makofi mawili, matatu, ya taratibu, umeinama kidogo, kama sisi Wafipa tunavyomsalimia mtu tunayemheshimu. Halafu unasubiri. Hata mvua ikinyesha ulisubiri mpaka aseme karibu.

Watu walishangaa. Mzee hakuwa wa kanisani wala wa msikitini, na hakuficha. Majirani walimwita mpagani, hata mbele yake. Nyumbani kwetu neno hilo ulilipiga marufuku. "Ana jina lake," ulituambia, ukaendelea kuchambua maharage.

Kila Jumapili baada ya misa ulipita kwake. Mliongelea mbegu, upepo, bei ya mahindi sokoni Laela. Siku moja, nimekaa nawe kwenye mkeka wake, alikuuliza kwa nini huchoki kuja. Ukamwambia, "Nimetumwa kukusalimu. Ukitaka kumjua aliyenituma, uliza. Usipotaka, tule hivi viazi, vinapoa."

"Leo tule," akasema.

Tangu hapo ukawa utani wenu. Ukifika tu, anauliza, "Mama Skola, aliyekutuma hajambo?" Nawe unajibu, "Hajambo, anakusalimu." Mnacheka. Hakuwahi kuuliza zaidi, nawe hukuwahi kumsukuma. Nilikuwa nikijiuliza kama unamtega. Sasa naona ulimpenda tu, na kama angeuliza, ungemsimulia kwa furaha mpaka jua lizame.

Siku tuliyokuzika, Mzee hakuingia ndani wakati wa sala. Alisimama nje kwenye baridi, kofia mkononi, mpaka jeneza lilipotoka. Ndipo akapiga makofi. Mawili, matatu. Mama, mpaka pale nilikuwa sijalia.

Mwezi uliopita alianguka na baiskeli, akavunjika mguu. Mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani, na wenye ng'ombe walishaanza kuachia mifugo kwenye mashamba yaliyovunwa. Chakula chake cha mwaka mzima kingeweza kuisha asubuhi moja. Nikalipeleka jambo hilo kwenye jumuiya. Mama Regina, aliyeshika nafasi yako, akasema tutamvunia, ila kwanza akubali kuanza mafundisho ya dini. Wengi wakaitikia. Hakusema kwa ubaya. Anaogopa mzee asije akaondoka duniani hivyo hivyo. Hata mimi naogopa, Mama. Nikimwombea, maneno huniishia njiani.

Chuoni Mbeya nilisoma namna ya kujibu hoja za wasioamini. Hoja hizo ninazo bado, na nazipenda. Siku ile haikuja hata moja. Nilisimama, nikasema, "Tukimwekea sharti atakubali, kwa sababu anaogopa njaa. Hiyo ndiyo imani tunayomtakia?"

Kisha Mama Regina akasema, "Skola, umeanza kuongea kama mama yako." Sijui kama alinisifu au alinisema. Nimelichukua kama urithi.

Tuliachana bila kuafikiana. Jumamosi asubuhi nikabeba magunia, nikaenda peke yangu. Nilifika mlangoni kwake, nikainama, nikapiga makofi. Yangu yalitoka makali, kama ya mwalimu anayenyamazisha darasa. Nikasubiri. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Aliyekutuma hajambo?"

Nikamjibu, "Hajambo, babu. Anakusalimu."

Akauliza, "Na mama yako?"

Ningeweza kumwambia mengi. Nilimwambia ninachokiamini, basi. "Naye hajambo, babu."

Hakunibishia. Alisema, "Karibu ndani, mwanangu."

Nilikuwa nimemaliza mistari michache tu ya shamba nilipomwona Mama Regina anakuja na kina mama wa jumuiya, magunia kichwani. Alinisalimia, akaanza kuvunja mahindi. Siku nzima hakuhubiri, na wewe unamjua, kwake hiyo ni kazi kubwa kuliko kuvuna. Mzee alituangalia toka kwenye kigoda chake, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Jioni alitushukuru mmoja mmoja, kwa majina.

Mahindi yote yameshaingia ndani, Mama. Hakuna ng'ombe aliyeonja hata bua.

Asante kwa kunipeleka pale mkekani nikiwa mdogo, ukaniacha nisikilize. Asante hata kwa mvua ile iliyotunyeshea tukisubiri mlangoni. Pumzika sasa, miguu yako ilitembea vya kutosha. Jumapili za kwa Mzee Lusambo niachie mimi, nakuahidi sitaziruka, aulize asiulize. Jana ilikuwa Jumapili. Nimeshakwenda, na viazi tumevila vingali vya moto.

Mwanao,
Skola