Jina Kwenye Kadi

Kibakwe, Mpwapwa
19 Julai 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu nikiwa mbali, lakini kwa adabu ile ile uliyonilea nayo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mama kichwa kimemwachia? Wote hapo Mvumi nawasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Nimesikia uwele mmeshaupura na kwamba mwaka huu ndege hawakuula sana. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi ni mzima. Huku Kibakwe milima inaamka na ukungu, na mama mdogo Hilda ananilisha maharage asubuhi na jioni kana kwamba nimetoka wodini.

Nimeuliza hali zenu kwa moyo mweupe, kwa sababu yanayofuata hayatakupendeza. Nina hasira nawe, Baba. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungeniambia tutaongea ukija, na nikija tungeongea habari za mvua. Barua huwezi kuikatisha. Utaisoma mpaka mwisho kwa sababu wewe ni mtu wa kumaliza unachokianza, na hilo nimejifunza kwako.

Nianze na ile picha. Babu Eliakimu amesimama na ndoo, Kongwa, kando ya gari la mzungu aliyemfanyia kazi. Gari fupi, halina paa, viti viwili, bodi ya alumini tupu inayong'aa, pua imelala chini kama ya mbwa anayenusa. Ulinisimulia nikiwa darasa la tano kwamba magari ya namna ile yalitengenezwa Uingereza miaka ya hamsini kwa ajili ya mashindano, na kwamba Babu aliliosha kila Jumamosi kwa miaka mitano bila kukalia kiti chake hata mara moja. Ukasema, ukistaafu kuendesha magari ya watu, utajitengenezea la kwako kama lile. Mwanao Jordan alikuwepo siku hiyo. Aliuliza kama anaweza kwenda kucheza mpira, akaenda. Mimi nilibaki nikauliza magurudumu yale yalikuwa na ukubwa gani.

Ulipostaafu, nilikuwa nimemaliza uhandisi na nimekaa nyumbani mwaka mzima nikituma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Nilikuwa nimeanza kujiona kama kopo lililobaki dukani baada ya duka kufungwa. Ukaja na picha ile ukaiweka juu ya meza, ukasema, haya mama, wewe si una digrii, hebu tuone. Siku ile ulinitoa mahali pabaya, na sijawahi kukuambia. Nakuambia sasa, ili ujue kwamba hasira yangu haikusahau chochote.

Tulikuwa na upande mmoja tu wa gari, kwa sababu picha ina upande mmoja. Nilitumia gurudumu kama rula, nikapata urefu wote, nikalichora kwa chaki kwenye sakafu ya stoo, kwa ukubwa wake halisi, Mama akawa analiruka na ungo mkononi akisema nimemzalia mjukuu wa ajabu. Nilikata mbao za kiunzi, ubavu baada ya ubavu. Ulikwenda Dodoma mjini ukarudi na mabati ya alumini ya basi bovu, na injini ya Corolla iliyokuwa imelala gereji. Bibi alitushonea mfuko wa ngozi ya ng'ombe tukaujaza mchanga, tukawa tunagonga bati juu yake kwa nyundo ya mpingo. Bati likawa linapasuka. Lilipasuka la kwanza, la pili, la tatu, nawe ukatukana kwa Kigogo maneno ambayo sikujua unayajua.

Ni mimi niliyesoma kwamba alumini hulainishwa kwanza kwa moto, na kwamba fundi hupaka sabuni, akapitisha moto wa gesi, sabuni ikigeuka nyeusi anaacha papo hapo, maana akizidisha bati linayeyuka kama samli. Tukatumia sabuni ya mche ya Mama. Uliogopa. Nikashika mtungi mimi. Kovu la mkono wangu wa kushoto ni la wiki ile. Na bati la boneti lilipojikunja bila kupasuka, ulikaa chini kwenye ndoo, ukaliangalia, ukasema, Violeth, mkono wako umenipita. Neno hilo nililiweka mahali ambapo watu wengine huweka cheti.

Miaka minne, Baba. Nimepiga nyundo miaka minne.

Sasa njoo nami mpaka Nane Nane ya mwaka jana, pale Nzuguni. Watu walijaa kwenye banda letu kuliko kwenye banda la ng'ombe wa maziwa. Vijana wanajipiga picha, wazee wanauliza linakula mafuta kiasi gani, mama mmoja anauliza mvua ikinyesha mnafanyaje, na wewe unamjibu tunalowa, mama, kama kuku. Nilikuwa chini ya gari nakaza nati ya bomba la moshi. Nikasikia mwandishi wa televisheni anakuuliza nani amelitengeneza. Ukasema kwa sauti yako ya kanisani kwamba umelitengeneza wewe na kijana wako. Nilidhani umekosea. Nikasubiri urekebishe. Ukaendelea na habari za pistoni. Jioni tuliiona taarifa ile nyumbani kwa jirani, na miguu yangu ilikuwemo, imechomoza chini ya gari, soli za viatu zinaitazama kamera. Nilipokutazama, ulisema ulikuwa na maana ya kijana kwa ujumla, kwamba hata msichana ni kijana. Nilicheka. Najilaumu kwa kicheko kile mpaka leo.

Krismasi Jordan akaja na raba nyeupe. Akauliza ufunguo uko wapi. Gari halina ufunguo. Lina swichi na kitufe, kama yalivyokuwa yale ya zamani, na mtu aliyekaa nalo hata siku mbili angejua. Ulimwendesha mpaka Handali na kurudi. Wiki iliyofuata akaweka picha yake mtandaoni ameshika usukani, ameandika: Mimi na mzee, miaka minne ya jasho. Watu zaidi ya mia tatu wakampongeza. Nilikuonyesha. Ulisema, mwache, anajifurahisha, yuko mbali na nyumbani. Mimi nilikuwa karibu na nyumbani, kwa hiyo sikustahili kufurahishwa.

Haya yote nilikuwa nimeyameza. Nilijiambia kwamba maneno ni maneno, gari ni gari, na gari linajua nani kalijenga. Nilikuwa mjinga, maana gari halijui kitu. Kinachojua ni kadi.

Unakumbuka tulivyopata namba ya chesisi. Gari lililozaliwa bandani halina namba, na lisilo na namba haliruhusiwi kukanyaga barabara. Kwa hiyo tulilijenga juu ya chesisi ya pikapu yako ya zamani, na kile kipande cha mbele kilichogongwa namba tulikifupisha, nami mwenyewe nikakichomelea mahali pake. Likakaguliwa, likapita, kadi ikabaki ile ile ya pikapu, yenye jina lako. Sikuwa na neno. Jina lako lilinitosha. Lingebaki pale, nisingeandika barua hii.

Siku wajomba zake Raphael walipokuja na posa kutoka Iringa, nilikuwa jikoni na Mama, mlango umeegeshwa. Mlikuwa mnataniana kama watani wanavyopaswa. Mjomba wake akasema, jamani Wagogo, sisi Wahehe tuseme ukweli, hatukufuata binti, tumefuata lile gari la bandani. Binti mtupe kama nyongeza. Mkacheka wote. Nami nilicheka, na trei ya soda mkononi. Baba mdogo Stanley akamjibu, mtani, hapo umegonga mwamba, binti chukueni, gari lina mwenyewe, kadi tangu Februari ina jina la Jordan. Mjomba akasema, kumbe mmewahi kulificha! Nawe, Baba, nilikusikia ukisema: lazima, msije mkaondoka na usukani. Mkacheka tena.

Mama aliniangalia. Hakushangaa. Ndipo nikajua kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa mtu mmoja. Niliingia, nikapiga magoti, nikawagawia soda, nikawasalimu wageni mmoja mmoja, na hakuna aliyeona kitu usoni pangu. Hilo pia ulinifundisha wewe.

Nilikuuliza jioni ile ile ukiwa unakula. Hukukana. Ulisema, mwanangu, binti ni mgeni kwao, leo uko kwangu, kesho uko Iringa, je, na gari liende Iringa? Kazi ya Babu yako iishie kwa Wahehe? Nilikuambia haikuwa kazi ya Babu, Babu aliosha gari la mtu, na mimi inaonekana nimefanya hivyo hivyo kwa nyundo. Ukaniambia nisikupandishie sauti. Halafu ukasema, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza: Jordan ni ndugu yako, ukilihitaji utamwomba.

Nimwombe. Mtu asiyejua swichi iko wapi.

Basi, sikiliza nilichofanya, maana naona hujakigundua bado. Ungekuwa umepiga simu. Ile Jumapili iliyofuata, mkiwa kanisani, sikuwa na tumbo linaloniuma kama nilivyodai. Nilikwenda bandani. Nilifungua boneti, nikaliinua gari kwa jeki mbili, nikapima, nikachora mstari kwa skwea, nikawasha grenda, nikakikata kile kipande chenye namba. Kilichukua muda mfupi kuliko wimbo wa kwanza wa kwaya. Niliisikia kwaya kila nilipozima. Pengo nililifunga kwa bamba na bolti nane ili pua isilale, kwa hiyo bodi haijapinda wala hakuna ulichopoteza katika kazi yako. Nilirudisha kila kitu, nikafagia unga wa chuma, nikapika ugali, mkarudi mkaukuta.

Kipande hicho kimo ndani ya mfuko huu anaokuletea Emilia pamoja na barua hii. Kiko ndani ya kitambaa, angalia kingo zake zisikukate. Mpe Jordan. Kadi yake inataja namba, na namba ndiyo hiyo, kwa hiyo hilo ndilo gari lake, lote kamili. Lile lililobaki bandani halina namba, halina kadi, na haliwezi kutoka getini bila kukamatwa. Ni alumini, injini na miaka yangu minne, na kwa sasa si la mtu yeyote. Najua nimevunja sheria. Najua pia kwamba nimejikata mwenyewe, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kuliona gari lile likikimbia kwenye lami ya Dodoma kama mimi.

Lakini kukata si jambo zito kuliko yote niliyonayo. Zito ni hili, na nilitaka kulibakiza moyoni ili nikuadhibu nalo kimya kimya, ila sina nguvu hiyo. Mwezi wa tano, kabla ya posa, Raphael aliniuliza gari tutaliweka wapi tukihamia Iringa. Nilimwambia haliendi popote. Nilimwambia gari lile ni la baba yangu maadamu anapumua, kwamba nitakuwa ninapanda basi kuja kulifanyia huduma, na asiniulize tena. Akakubali. Muulize, ana kumbukumbu nzuri. Nilikuwa nimekwisha kukupa, Baba. Ulipokwenda kulibadilisha jina kimyakimya ili nisikunyang'anye, nilikuwa nimekupa kwa mdomo wangu kitambo, nikingoja tu siku ya send-off nitangaze mbele ya watu, nikuone unavyojikausha usilie.

Posa sijairudisha. Raphael hana kosa, na wajomba zake walitania tu. Nitaanza kazi mwanzoni mwa Agosti, ile nafasi ya kufundisha chuo cha ufundi nimeipata, na mpaka hapo niko kwa mama mdogo. Sitakuja Mvumi kabla ya wewe kuniita, na usimtume Mama anilainishe.

Msalimie Mama sana, mwambie simlaumu kwa kunyamaza, ila asinieleze kwamba ni mila. Msalimie Bibi na baba mdogo Stanley. Msalimie Jordan pia, kwa kweli nampenda; mwambie raba zake zilikuwa nzuri. Mama mdogo Hilda anawasalimu wote na anauliza karanga zilifika?

Siku utakayokwenda kuandikisha kadi upya kwa jina la aliyelijenga, nipigie. Likiwa lako na langu pamoja nitakubali. Likiwa la Jordan, basi kipande hicho mkifanye kizuizi cha mlango. Usimruhusu fundi mwingine akiguse wala kukirudisha. Watakiunguza, hawajui unene wake. Mimi ninaujua. Ni kazi ya nusu saa, na nitakuja kwa basi la kwanza.

Ubaki salama.

Binti yako,
Violeth Ernest Chilongani