Kapasita Nilizozitua Mbali

Mama Asumpta,

Hujambo huko Turiani, au umeshajipatia mzee mwingine? Hapa Bigwa mvua ya mlimani haikatiki. Binti yetu anaunda saketi ya kuendesha mashine kwenye kile kiwanda nilichofanyia kazi zamani, kilichouzwa kwa tajiri. Kesho anaijaribu mbele ya tajiri huyo. Ikigoma, kazi wanapewa wageni.

Nikajitia fundi. Nikalehemu kapasita zote, vile vidude vya kuweka akiba ya umeme, pale waya wa umeme unapoingilia, kama enzi zangu za kutengeneza redio. Kila taa za saketi zilipowaka pamoja, chipu, ule ubongo wake, ikasahau yote binti aliyoifundisha.

“Baba, hii inakunywa umeme kwa mikupuo. Kiu iko Bigwa, wewe mtungi umeutua Kilakala!”

“Shule zenu hizi!” nikamjibu, huku nazing’oa. Nikazipanga miguuni pa chipu, moja moja. Ikatulia, haikusahau tena.

Nikakukumbuka enzi zile ukisonga ugali, mtungi ubavuni, huinuki hata mara moja kufuata maji. Kesho namsindikiza binti hadi geti lile lililonitoa na barua ya kuachishwa kazi mkononi. Safari hii naingia na mhandisi.

Ule ushibe, kikongwe wangu.

Ni mimi, anayekusumbua hata akiwa mbali